Wasiwasi wa Anayesubiri

Ndege ya abiria ikipitisha dakika 30 bila kutoa habari iliyotarajiwa, au bila kufika saa iliyotazamiwa, waongozaji wa anga hawana ruhusa ya kukaa na kutumaini mema. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga zinawataka watangaze hatua ya kwanza kati ya tatu za dharura, yaani hatua ya mashaka, na waanze kuuliza: nani alizungumza nayo mara ya mwisho, ilikuwa wapi, imebakiwa na mafuta ya muda gani. Wakiuliza wasipate jibu, wanaingia hatua ya tahadhari. Dalili zikionyesha kwamba chombo kimo hatarini, inatangazwa hatua ya dhiki na waokoaji wanaondoka. Kinachofanyika hapo ni wasiwasi ule ule wa mama aliyesimama mlangoni akitazama njia, ila wasiwasi huo umepewa saa ya kuanza, maswali ya kuuliza na mtu wa kuwajibika. Hakuna anayemwita mwongoza ndege mwoga. Sura hii inadai kwamba mtu anayemsubiri rafiki yake Kisangani anafanya kazi hiyo hiyo bila cheo, bila chombo na mara nyingi bila heshima. Na kwamba wasiwasi wake, ukipimwa vizuri, ni sehemu ya usalama wa safari kama zilivyo taa na maboya ya kuokolea.

Hoja hii ina uzito wa pekee Kisangani kwa sababu ya mahali mji ulipo. Kutoka Kinshasa mto Kongo unapitika kwa kilomita 1,734 hadi hapa, kisha maporomoko ya Boyoma yanafunga njia. Ndiyo maana mwaka 1906 ilifunguliwa reli ya kilomita 125 kutoka ukingo wa kushoto hadi Ubundu, mji uliokuwa ukiitwa Ponthierville, ili watu na mizigo wayazunguke maporomoko hayo na kupanda boti tena upande wa juu. Tangu hapo hadi leo safari ya kuingia Kisangani ni safari ya vipande vilivyoungwa. Mtu atokaye Kindu hushuka na mto kama kilomita 300 hadi Ubundu. Pale atangoja treni ikiwa ipo, au atapanda pikipiki apite msituni hadi Lubunga. Lubunga nayo iko ng'ambo, kwa hiyo atavuka mto kwa mtumbwi ndipo aingie Makiso, na mwendo wa mwisho hadi nyumbani kwa mwenyeji wake huenda akaumalizia nyuma ya baiskeli ya toleka. Kila kiungo kina kungoja kwake. Boti ikichelewa kufika Ubundu nusu siku, msafiri anaweza kupoteza siku nzima, kwa sababu hakuna dereva mwenye akili atakayeingia msituni na abiria jua likizama.

Njia nyingine hazina nafuu kubwa. Atokaye Bunia au Beni hufuata barabara ya taifa namba 4, apite Komanda, Mambasa, Nia-Nia na Bafwasende, mamia ya kilomita za msitu ambamo mvua moja nzito inaweza kugeuza udongo kuwa shimo la tope, lori la kwanza likanasa na mengine yote yakapanga foleni nyuma yake. Atokaye Buta lazima avuke mto Aruwimi pale Banalia. Barabara ya namba 3, inayokuja kutoka Bukavu kupitia Walikale na Lubutu, imekatwa mara kwa mara na vita. Anayepanda mto kutoka Kinshasa anasafiri juu ya majahazi ya chuma yanayosukumwa na boti kubwa, au ndani ya zile boti za mbao zenye injini ziitwazo baleniere, na vyombo hivyo vinaondoka vikijaa, si tarehe ikifika. Njiani kuna Mbandaka, Lisala, Bumba, Basoko na Isangi, na kila bandari ina mzigo wa kushusha na wa kupakia. Kuna fungu la mchanga ambalo mwaka jana halikuwapo. Kuna injini inayokufa na kipuri chake kiko Kinshasa. Rafiki anaposema kwamba atafika Jumatano, ametaja tumaini, na mwenyeji analijua hilo.

Hapo ndipo wengi wanapotoa pingamizi la kwanza, na lina nguvu. Wanasema: kwa kuwa kuchelewa ndiyo kawaida ya njia zetu, mtu mwenye busara hatakiwi kuhangaika; aliyechelewa ataingia tu, ana tope miguuni na njaa tumboni, ale alale. Mara nyingi ni kweli. Idadi kubwa kabisa ya wanaochelewa kufika Kisangani wamechelewa kwa sababu za kuchosha zisizo na msiba wowote ndani yake. Lakini pingamizi hilo linasahau kwamba msiba nao unaanza kwa kuchelewa. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umemwaga damu nyingi Lubunga na katika wilaya za Ubundu na Opala, ukafukuza makumi ya maelfu ya watu makwao. Mtu aliyekuwa akipita huko kwa pikipiki alichelewa kama anavyochelewa aliyepasukiwa gurudumu. Katika wilaya ya Mambasa waasi wa ADF wameua raia na kuchoma magari barabarani. Aliyenaswa huko alinyamaza kama anavyonyamaza aliyeishiwa chaji ya simu. Dalili ni moja kwa mambo mawili yaliyo mbali kama uhai na kifo. Kwa hiyo ukawaida wa kuchelewa haumwondolei mwenyeji sababu ya wasiwasi. Unamwondolea kengele. Katika mji ambao gari hufika kwa saa, ukimya wa saa tatu ungewainua watu. Kwetu ukimya wa siku tatu unaweza kupita bila mtu kunyanyua simu, na siku hizo tatu huenda ndizo zilizokuwa na maana kwa majeruhi aliyelala kando ya njia.

Kuhusu mateso yenyewe ya kusubiri, utafiti unatufundisha jambo ambalo wenyeji wa Kisangani wangelithibitisha bila kuingia maabara. Mwaka 2016 watafiti wa University College London walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu 45. Kila mmoja alicheza mchezo wa kompyuta wa kufunua mawe. Chini ya baadhi ya mawe palikuwa na nyoka, na nyoka akitokea mchezaji alipigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Watafiti walipima jasho la ngozi na mboni za macho. Mfadhaiko mkubwa kabisa haukuonekana kwa mtu aliyejua kwa hakika kwamba shoti inakuja. Ulionekana pale uwezekano ulipokuwa nusu kwa nusu. Kutojua kuliumiza kuliko kujua baya. Pauline Boss, mtaalamu wa familia wa Marekani, alifika karibu na jambo hilo kwa njia nyingine: katika miaka ya 1970 alizichunguza familia za marubani waliopotea katika vita vya Vietnam, ambao hawakuwa wamehesabiwa kati ya wafu wala kati ya wazima, na akaona kwamba msiba usio na hakika unazizuia familia zisiweze kuomboleza wala kuendelea na maisha. Hatuwezi kumlinganisha mtu aliyekaa macho usiku mmoja na mjane aliyekaa miaka kumi, lakini shina ni lile lile: akili inashindwa kupumzika kwa sababu haina pa kutua.

Watu hudhani simu imeliponya jambo hili. Kwa sehemu imelizidisha. Zamani msafiri aliyeingia msituni alitazamiwa kunyamaza. Kimya chake hakikusema lolote, na nyumbani waliendelea na kazi zao mpaka amefika. Leo msafiri amepiga simu kutoka Mambasa asubuhi, amesema gari limewaka, ametuma salamu kwa watoto. Jioni namba yake haipatikani, na kesho yake vilevile. Mtandao hukatika kwa mwendo mrefu kati ya mji na mji, na betri haijui kwamba kuna mtu anayesubiri. Mwenyeji anajua hayo yote, na bado anapiga tena. Simu imempa mazoea ya kupata jibu, na aliyezoea jibu anapokosa jibu hulitafutia maana.

Inafaa kukumbuka kwamba mto huu uliwahi kuwa na huduma ya habari za wasafiri kabla ya simu yoyote. Walokele, wavuvi na wafanyabiashara wa kando ya mto kati ya Kisangani na Isangi, walipeleka ujumbe kwa ngoma ya mti, lokole, yenye sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata kupanda na kushuka kwa lugha yao. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwishoni mwa miaka ya 1930 na kufanya kazi Yakusu, mwendo mfupi kutoka hapa mjini, alijifunza ngoma hizo mwenyewe na mwaka 1949 akatoa kitabu juu yake. Kilichomshtua kwanza ni kwamba alifanya safari ambayo hakuwa ameipanga, akaenda kijiji cha Yaongama, na akakuta mwalimu, mwuguzi na waumini wamekwisha kukusanyika kumngoja. Ngoma ilikuwa imewaambia. Ujumbe huo haukuwa mfupi. Neno moja la sauti mbili linaweza kufanana na maneno mengine mengi, kwa hiyo wapigaji walilizungushia maneno ya ziada mpaka shaka yote iondoke: nani anakuja, wa ukoo gani, kwa njia gani. Kijiji kilichosikia kiliweza kukipasha kijiji cha mbele. Ninachokiona hapo ni jamii iliyoamua kwamba habari za mtu aliye njiani ni jukumu la vijiji vyote anavyovipita. Mwenyeji hakuachwa peke yake na kimya.

Jukumu hilo ndilo lililopotea, na halikupotea kwa sababu watu wameacha kujaliana. Lilipotea kwa sababu njia zilirefuka kupita sauti ya ngoma, kisha vita vya 1998 vikaukata mto kati ya Kinshasa na Kisangani kwa mstari wa mapigano, na Kisangani yenyewe ikapigwa mizinga, kwa siku sita za Juni 2000, na majeshi mawili ya kigeni yaliyopigana ndani ya mitaa yake. Kizazi kizima kilijifunza kwamba aliyeondoka huenda asirudi na kwamba hakuna ofisi ya kuuliza. Anayemshangaa mama wa Kisangani kwa kuingiwa na hofu haraka akumbuke shule aliyosoma mama huyo.

Wapo wanaosema kwamba kuhangaika hakumleti mtu; aliyeandikiwa kufika atafika, na kazi ya mwenyeji ni kusali na kungoja. Siipuuzi sala, na mtu aliyewahi kukesha anajua kwamba imani humsaidia kupumua. Lakini dini zetu zote hapa, ya msikitini na ya kanisani, zinamsifu mtu aliyetoka kwenda kumtafuta aliyepotea. Kumkabidhi msafiri kwa Mungu hakumkatazi mtu kushuka bandarini kuuliza boti ilionekana wapi mara ya mwisho. Wengine, na hawa nawaogopa zaidi, wanasema wasiwasi huzaa uvumi. Hilo ni kweli tupu. Kongo nzima inaijua radio trottoir, habari ya barabarani inayokimbia kuliko gari. Mtu mmoja anauliza kama boti imefika, wa pili anasikia kwamba boti haijafika, wa tatu anasema imezama, na jioni kuna kilio katika nyumba ambayo baba yake anakula samaki Basoko akingoja injini itengenezwe. Hata hivyo uvumi hauzaliwi na swali. Unazaliwa na swali lililokosa mtu wa kulijibu. Penye mahali pamoja pa kuuliza, na mtu mwenye daftari, uvumi unakosa chakula.

Kuna pia wasafiri wenyewe wasiotaka kufuatiliwa. Wapo wanaoficha siku ya safari kwa kuogopa kijicho cha ndugu na majirani. Wapo wanaobeba fedha na wana sababu nzuri ya kutotangaza. Wapo watu wazima wanaochoka kuulizwa kila kilomita kama watoto. Haki yao ni ya kweli, na mwenyeji anayepiga simu mara kumi kwa saa anamaliza betri ya mtu ambaye ataihitaji usiku. Lakini siri kwa wengi si siri kwa wote. Anayeficha safari yake kwa mtaa mzima anaweza kumwambia mtu mmoja, na huyo mmoja anatosha.

Sasa tuje kwenye ushahidi ambao kwangu mimi ndio mzito kuliko wote. Tarehe 8 Julai 2011 ndege ya Hewa Bora, Boeing 727 iliyotoka Kinshasa, ilianguka ikijaribu kutua Bangoka, uwanja wa ndege wa Kisangani, wakati wa mvua ya radi. Zaidi ya watu 70 walikufa, na wengine walitoka hai. Katika siku zilizofuata, takwimu za waliokufa zilizotolewa na serikali na zile za kampuni hazikulingana. Na hiyo ilikuwa ndege, chombo ambacho kila abiria wake ana tiketi. Majini hali ni mbaya zaidi. Miezi miwili baadaye, usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I, iliyoruhusiwa kuchukua abiria wapatao 600, ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tume ya uchunguzi ilikuja kueleza kwamba ilikuwa na watu zaidi ya 2,000. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ya Merdi, iliyotoka Minova, ilipinduka karibu na bandari ya Kituku mjini Goma, watu wa ufukweni wakiitazama. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 katika chombo kilichotengenezewa wachache zaidi. Katika misiba ya namna hii, pale manifesti ya chombo inapokuwa na majina pungufu, waokoaji hurudi kwa orodha moja tu ambayo haikuandikwa na mwenye chombo: orodha ya watu wanaosubiriwa. Wanawajua waliozama kwa sababu kuna mtu amekuja akasema, mtu wangu alikuwamo. Aliyesafiri bila mtu wa kumsubiri huweza kuzama bila kuhesabiwa.

Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, unataka abiria wote wahesabiwe kabla ya meli kuondoka, lakini mkataba huo umeandikwa kwa meli za baharini katika safari za kimataifa. Baleniere ya mbao inayotoka Bumba usiku haimo. Baada ya watu wengi kufa katika Ziwa Kivu mwaka 2019, Rais Félix Tshisekedi aliagiza maboya ya kuokolea yawe lazima kwa abiria. Agizo lilikuwa sahihi. Boya humsaidia aliyeanguka majini aelee. Halimwambii mtu yeyote kwamba ameanguka.

Kwa hiyo wasiwasi unahitaji kipimo, na kipimo hakiwezi kuwa dakika 30 kwa kila safari. Mgeni wa ndege akichelewa saa mbili bila maelezo, ni habari kubwa. Mgeni wa mtoni akichelewa siku mbili, si habari. Kinachofaa kupimwa ni umbali kati ya habari ya mwisho na ucheleweshaji mrefu wa kawaida wa njia ile, na wajuzi wa hilo wapo: madereva wa Nia-Nia, wapakiaji wa bandarini, mama wanaouza samaki wa moshi kutoka Isangi wanaweza kumwambia mwenyeji lini kimya bado ni tope na lini kimepita tope. Mwenyeji na msafiri wakikubaliana mapema siku hiyo ya mpaka, usiku wote kabla ya siku hiyo unakuwa wa kulala, na asubuhi ya siku hiyo ni ya kutoka kwenda kuuliza, bila kuona haya na bila kungoja siku ya pili. Nadhani hii ndiyo faida ambayo watu hawaitazamii: anayejua ataanza lini kuhangaika anahangaika kidogo zaidi. Waswahili wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, na kwa Kisangani methali hiyo ina ukweli mwingine juu ya ule wa kawaida, kwa kuwa mwenyeji huwa mgonjwa tangu siku mgeni anapoingia njiani.

Sehemu iliyobaki ni ya wenye vyombo na ya ofisi zinazovipa ruhusa ya kuondoka. Kila boti inayotoka na kila lori linalopakia abiria liwe na daftari, na mbele ya kila jina iwepo nafasi ya namba ya simu ya mtu anayemsubiri mwenye jina hilo; nakala moja ibaki bandarini au kwa wakala wa gari. Haihitaji setilaiti wala mkopo wa nje. Inahitaji kalamu, na mtu wa kuulizwa chombo kikipita siku yake. Na wewe unayemtazamia mtu wiki hii, mpigie kabla hajaingia msituni: muulize jina la boti au namba ya gari, yuko na nani, na ni mji gani atakaofika mtandao utakaporudi. Yaandike majibu, ukubaliane naye siku ya kuanza kuuliza, kisha umwache asafiri.